Namba Moja Kabla ya Namba Nne

Karibu muhula wote wa kwanza wa mwaka wa 2007, Nakhumicha alisoma kemia kupitia dirisha.

Dirisha lenyewe lilikuwa la nyuma ya maabara, upande wa mapipa ya taka, na lilikuwa na vyuma vitano. Wenzake wa kidato cha tatu walikaa ndani juu ya stuli, wakachanganya hiki na kile, wakaandika rangi walizoziona. Yeye alisimama nje juu ya matofali mawili, daftari ameliegemeza kwenye chuma cha katikati, akaandika alichobahatika kuona. Mara nyingi alichobahatika kuona kilikuwa mgongo wa Shiku, kiranja wa maabara. Ni mgongo mpana, wenye heshima zake, lakini hauna somo lolote la kemia.

Kosa lake lilisomwa paredini mbele ya shule nzima: "kutumia mali ya shule kumtia kiranja hofu." Yaliyotendeka ni haya. Shiku alikuwa akiosha chupa za maabara kwenye beseni lenye povu. Nakhumicha alichomeka mrija wa haidrojeni chini ya povu lile, akangoja lifure, kisha akapitisha kijiti cha moto juu yake. Povu lilisema neno moja tu. Shiku alisema mengi. Naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa akinywa chai katika ofisi ya jirani, aliivaa chai hiyo mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Mwalimu Joash, mwalimu wa kemia, ndiye aliyetoa hukumu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na kanuni moja kichwani.

"Kongamano la Sayansi la wilaya ni mwezi Machi," alisema. "Shika nafasi ya tatu kwenda juu, urudi ndani. Usiposhika, utamaliza shule kwenye hayo matofali."

"Na mtihani wa vitendo, Mwalimu? Wa kidato cha nne?"

"Utaufanya kwa macho."

Hapo mzaha ulikwisha. Mkono ambao haujapima asidi mwaka mzima hauwezi kuipima siku ya mtihani, na bila mtihani ule hakuna chuo kitakachomfundisha Nakhumicha kuchanganya dawa. Alitaka kuwa mfamasia. Hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu msichana wa vituko akisema anataka kuwa mfamasia, watu hufunga makabati.

Kusomea nje kulikuwa na jema moja tu. Alasiri, akichoka na mgongo wa Shiku, aligeuka na kutazama upande wa Dagoretti Corner, na siku nyingine angeliona puto jeupe la watu wa hali ya hewa likipanda juu ya mikalitusi, linakwenda bila kumuaga mtu yeyote kwa heri wala kwa shari, mpaka linakuwa nukta. Ndani yake, alijua, mlikuwa na gesi ile ile iliyomfukuzisha. Haina rangi, haina harufu, haina ladha: sifa tatu ambazo uji wa shule nao unazo, ila uji haupai. Haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko vitu vyote duniani. Kama iliweza kumshusha mtu kutoka kwenye stuli, ingeweza pia kumpandisha.

Basi akabuni mradi. Angetengeneza haidrojeni, ajaze puto, na kupima nguvu yake ya kubeba. Mizani ya shule ilikuwa maabara, asikoruhusiwa kufika, kwa hiyo alipimia vifungo vya blauzi za shule, ambavyo vyote ni sawa. Mwenzake katika mradi, Syokimau, alijitolea vifungo vyake vyote kwa ajili ya sayansi, akavaa pini wiki tatu. Syokimau alikuwa msichana mtaratibu aliyeogopa hata kengele, na hakuna mtu aliyejua kwa nini alikubali.

Zinki waliitoa kwenye betri za tochi. Ganda la betri kuukuu ni zinki tupu, na Lavington, ilipo shule yao, ni mahali pa kuta ndefu na walinzi wengi, kila mlinzi na tochi yake. Wesonga, askari wa lango la shule, aliwazungukia wenzake wa mtaa mzima, akarudi na mfuko wa betri zilizokufa.

"Mnataka kuzifufua?" aliuliza.

"Tunataka roho zao, Wesonga," Nakhumicha alijibu.

"Mimi ni mtu wa kanisa," alisema Wesonga, akawaachia mfuko na kuurudisha mkono kwenye koti.

Asidi walipewa na Mwalimu Joash, kidogo kidogo, kwa sahihi. Maputo waliyafuata River Road siku ya ruhusa ya kutoka. Mama mmoja alikuwa ameyatundika mlangoni pa duka la kuchapishia kadi.

"Ya rangi ya chama gani?"

"Isiyo na chama, mathe."

"Huu ni mwaka wa kura. Isiyo na chama sina." Akafikiri. "Niko na tatu nyeupe za arusi. Lakini arusi iliisha vibaya."

Wakachukua zile tatu, kubwa kubwa, na hivyo ndivyo mradi ulivyokuwa na maputo matatu, si manne.

Puto la kwanza walilijaza siku ya Alhamisi, kwenye mabomba ya kufulia nguo, chupa ikichemka povu na kunuka yai bovu kidogo kwa sababu ya uchafu wa betri. Iliwachukua saa mbili na nusu. Lilipofungwa, lilinyanyua vifungo kumi na vinane na kuning'inia juu ya kamba za nguo kama mwezi uliokosea saa. Wasichana wa kidato cha kwanza walipiga makofi. Nakhumicha alijisikia kwa mara ya kwanza tangu Januari kwamba Mungu anasoma kemia.

Ndipo Mwalimu Joash akaja na fomu ya kutia sahihi.

"Hii ni nini?"

"Haidrojeni, Mwalimu."

"Nani amesema?"

"Ni… mimi. Zinki na asidi, Mwalimu, hutoa…"

"Sikuuliza hutoa nini. Nimeuliza nani amesema iliyomo humo ni haidrojeni. Gesi isiyopimwa haina jina."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake moja. Aliiandika ubaoni kila muhula. Gesi huletewa kijiti cha moto. Ikilia *pop*, ni haidrojeni. Isipolia, ni kitu kingine na alama huna.

"Nitakupimia nyingine kwa kichupa, Mwalimu, kutoka kwa ile chupa."

"Kichupa nitakiamini. Puto sitaliamini. Naweka sahihi yangu kwa puto."

Akafunga kijiti kwenye mwisho wa ufagio, akawarudisha wote nyuma ya mabomba, akakiwasha. Kilicholia hakikuwa *pop*. Njiwa wa kanisani, mtaa wa pili, waliondoka. Vipande vya mpira vilianguka kwenye shuka za watu, na hewani pakabaki unyevu mwembamba, maana haidrojeni ikiungua haiachi majivu, huacha maji.

Mwalimu Joash alipangusa miwani.

"Vizuri," alisema, akatia sahihi. "Ilikuwa haidrojeni."

Nakhumicha alitazama fomu, akatazama kamba za nguo. Sasa alikuwa na karatasi ya kuthibitisha kitu ambacho hakuwa nacho tena.

Puto la pili walilijaza Ijumaa jioni, liwe la akiba, na hawakumwonyesha mtu. Lakini chembe za haidrojeni ni ndogo mno. Mpira kwao ni kama ua wa michongoma kwa kuku. Zilipenya polepole usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi puto lilikuwa limeshuka kutoka darini mpaka kwenye magoti, ngozi imelegea, linazungukazunguka bwenini kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Walilitia kwenye pikapu ya shule hivyo hivyo.

La tatu lilibaki kwa ukumbi.

Kongamano lilikuwa katika ukumbi mmoja mkubwa katikati ya jiji, meza zimepangwa ukutani, kila shule na meza yake. Nakhumicha alianza kuchemsha zinki yake saa mbili, mbali na meza, dirisha likiwa wazi kama sheria ilivyotaka. Kwenye meza ya jirani alikuwepo mvulana mmoja aitwaye Jeremy, wa shule ya kibinafsi ya huko Karen, viatu vyake vinang'aa kuliko vya waamuzi. Puto lake lilikuwa la rangi ya fedha na lilikuwa tayari limegusa dari.

"Niaje," alisema Jeremy.

"Poa. Hiyo mlijazia wapi?"

"Kwa lab yetu."

"Lab gani iko na ribon ya pinki?"

Jeremy aliitazama ribon iliyoning'inia kwenye puto lake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Mwamuzi wa kemia alikuwa Madam Lornah, mama wa makamo mwenye sauti ya kutuliza na ubao wa kuandikia aliouminya kifuani. Kwenye ubao palikuwa na mwongozo wa kusahihishia, kurasa mbili. Alianza na Jeremy. Akawasha kijiti, akakipeleka kwenye puto la fedha. Ngozi ilitoboka, gesi ikatoka, na mwali ukazimika kimya kabisa.

"Heli," alisema Madam Lornah. "Haiwaki. Na wewe hukuitengeneza, kijana. Umeinunua."

"Madam, ni daddy ali…"

"Keti."

Nakhumicha alicheka moyoni, na huo ndio uliokuwa ujinga wake mkubwa wa siku hiyo. Kwa maana Madam Lornah, akiisha kudanganywa mara moja, hakutaka kudanganywa mara ya pili. Alipofika kwenye meza yao, puto la tatu lilikuwa limejaa, jeupe, limebeba vifungo kumi na tisa na bado linavuta uzi. Hakuliangalia hata. Aliangalia mwongozo.

"Namba moja," alisoma. "Utambuzi wa gesi. Lete moto."

"Madam, naomba tuanze na namba nne."

"Namba nne ni nini?"

"Kupaa na kubeba. Ukiliona limepaa, uandike alama, halafu tulichome. Tukilichoma kwanza halitapaa tena."

"Namba moja huja kabla ya namba nne."

"Najua, Madam, lakini…"

"Mwongozo uliandikwa na watu waliokaa wakafikiri."

"Hawakufikiria baluni, Madam."

Syokimau alimfinya ubavuni. Nakhumicha akajaribu upande mwingine. Akachota gesi kwenye kichupa kutoka kwa ile ile chupa iliyokuwa bado inatoa viputo vya mwishomwisho, akakiwasha, na kikalia *pop* safi, ndogo, ya adabu, kama ilivyoandikwa vitabuni.

"Hicho ni kichupa," alisema Madam Lornah kwa upole. "Huyo mwenzako naye angeweza kuniletea kichupa. Mimi nasahihisha puto."

Nakhumicha alitazama ukumbini. Mwalimu Joash alikuwa amesimama nyuma ya kamba ya walimu, ambao hawakuruhusiwa kusema. Alikuwa akitikisa kichwa juu chini, kwa kuridhika, kama mtu anayesikia wimbo wa kijijini kwao.

Hakukuwa na njia. Walilipeleka puto uani, watu wakarudishwa nyuma, kijiti kikafungwa kwenye ufito. Lililia. Vifungo kumi na tisa viliruka kila upande. Kimoja kiliokotwa baadaye ndani ya sambusa ya mwalimu wa fizikia. Madam Lornah aliandika alama kumi juu ya kumi.

"Nzuri sana. Namba mbili."

Namba mbili ilikuwa mlinganyo wa kemikali. Nakhumicha aliuandika huku meno yamekazana. Namba tatu ilikuwa matumizi. Aliyataja kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mali ya marehemu: kugandisha mafuta ya maji yawe siagi ya mkate, kutengenezea amonia ya mbolea, kuunganishia vyuma, kusukumia roketi.

"Na kujazia maputo ya hali ya hewa," akamalizia.

"Safi. Namba nne. Kupaa." Madam Lornah aliinua macho, akatazama juu ya meza, chini ya meza. "Liko wapi?"

"Umelipima, Madam."

"Kwa hiyo hakuna."

"Liko! Subiri! Syoki, leta lile!"

Syokimau alikimbia hadi kwenye pikapu, pini zikimchoma, akarudi amekumbatia puto la pili, lililolegea shingo kama kuku wa Krismasi. Nakhumicha alilifunga vifungo vitano. Likakaa juu ya meza. Akatoa viwili. Likajiviringisha, likakaa. Akatoa vyote. Likainua kichwa, likasitasita, likarudi. Akakata uzi wenyewe kwa meno, akaubakisha wa urefu wa kidole. Akatoa kijikaratasi cha jina la shule. Kwa kila alichokitoa alihisi kama anajivua mwenyewe.

"Dakika moja," alisema Madam Lornah, akitazama saa.

Puto likaondoka mezani. Kidogo tu, upana wa kiganja. Kisha likafika kwenye ubao wa Madam Lornah, kwenye miwani yake, kwenye kilemba chake. Likamzunguka mara moja kana kwamba linasoma mwongozo begani, na likapanda. Lilipanda bila haraka, limekunjamana, baya la sura, mpaka likagusa dari. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hata Jeremy.

"Limepaa," alisema Madam Lornah.

"Limepaa!" alisema Nakhumicha.

"Ila halijapimwa."

Syokimau alishusha mikono iliyokuwa ikipiga makofi.

"Hili ni puto jingine," Madam Lornah alieleza, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nililolipima halikupaa mbele yangu. Lililopaa sijalipima. Siwezi kutoa alama za kupaa kwa gesi nisiyoijua. Lileteni chini tulichome."

"Na ukilichoma, Madam, utaniandikia namba nne?"

Madam Lornah alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Nikilichoma, litakuwa halipo."

Ndipo kamba ya walimu ilipoanguka. Mwalimu Joash alikuwa ameipita, kalamu zote tatu mkononi, shingo imejaa mishipa.

"Madam! Ni gesi ile ile! Chupa ile ile, betri zile zile! Kila mtu hapa anajua ni haidrojeni!"

"Anajuaje, Mwalimu?"

"Kwa… kwa akili tu!"

"Mwalimu," alisema Madam Lornah, "gesi isiyopimwa utaiitaje haidrojeni?"

Nakhumicha hakuwahi kumwona mtu akipigwa kofi na sentensi. Mwalimu Joash alikuwa ameifundisha sentensi hiyo miaka kumi na minne. Alitafuta jibu lake na hakulipata, kwa sababu katika miaka hiyo yote hakuwa amemruhusu mwanafunzi yeyote alitafute. Akaonyesha dari kwa kidole. Akashusha kidole. Wasimamizi wawili wakamshika viwiko kwa heshima na kumrudisha nyuma ya kamba.

Saa tisa matokeo yalisomwa. Wa tatu alikuwa na alama sitini na sita. Wao walikuwa na sitini na moja na nafasi ya nne, na alama kumi na tano za namba nne zilibaki sifuri. Jeremy alikuwa wa mwisho, lakini alichukuliwa na gari lenye kiyoyozi.

Nakhumicha hakulia. Alikunja karatasi ya matokeo mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Waliokuwa wamefanya vibaya walifeli, hilo lilieleweka. Yeye alikuwa ametengeneza gesi, ikawaka. Akatengeneza nyingine, ikapaa. Na kwa mambo hayo mawili ya kweli alikuwa amepata matofali mawili ya kusimamia mpaka kidato cha nne. Kama angedanganya, angalau angejua ajutie nini.

"Tungechoma lile lililolegea kwanza," Syokimau alisema polepole ndani ya pikapu.

"Angetaka kuona hilo hilo likipaa."

"Aki ya Mungu."

"Angetaka, Syoki. Utaona tu."

Mbele, Mwalimu Joash hakusema neno kutoka mjini mpaka Valley Road. Hapo akampiga dereva begani bila sababu. "Halijapimwa!" alisema. Dereva akasema pole. Kwenye taa za Ngong Road akasema tena, "Tuliliona wote kwa macho!" Dereva akasema pole tena. Walipofika langoni mwa shule, alishuka, akazunguka nyuma, akasimama mbele ya wasichana akiwa na fomu mkononi.

"Nakhumicha. Jumatatu saa mbili. Tunaandika rufaa."

"Sawa, Mwalimu. Nitakuwa dirishani."

"Rufaa haiandikwi dirishani! Inataka jaribio lirudiwe, hatua kwa hatua, na aliyelifanya. Utaingia ndani."

"Nitakaa wapi?"

"Watu hukaa wapi maabara?" alifoka. "Na usidhani nimekusamehe. Povu ni povu."

Rufaa hiyo ilipelekwa, na haijajibiwa. Lakini Jumatatu saa mbili Nakhumicha aliingia kwa mlango, akapita mbele ya Shiku, ambaye alisogeza beseni lake mbali bila kuulizwa, na akakaa. Stuli ilikuwa ngumu kuliko alivyoikumbuka. Mwalimu Joash alitembea huku na huku mbele ya ubao, akisomesha barua.

"Andika. 'Mheshimiwa, tunakata rufaa kuhusu namba nne.' Umeandika? 'Puto la pili, lililopaa mbele ya mwamuzi, lilikuwa na…'"

Akasimama. Akatazama ubao, ambako kanuni yake ya muhula ilikuwa bado imeandikwa kwa herufi kubwa. Chaki ikageuzwa vidoleni mara tatu, mara nne.

"Lilikuwa na nini, Mwalimu?" Nakhumicha aliuliza, uso umetulia kama wa mtakatifu kwenye kalenda.

Wanafunzi wengine waliacha kuosha vichupa.

"Andika haidrojeni," alisema Mwalimu Joash.

Nakhumicha akaandika haraka, kwa wino.